Naomba ushauri: nasema namtumaini Mungu, na begi liko nyuma ya mlango

MamaWawili:
Wapendwa, shalom. Niko Kaptembwo hapa Nakuru, nina kiduka cha rejareja. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa na miaka 14. Tulitoka nyumbani usiku, mama kambeba mdogo wangu mgongoni, baba kajitwika godoro. Tukaishia Showground, kwenye hema. Mpaka leo nikisikia harufu ya tairi linaloungua mikono hunitetemeka.

Sasa siasa za 2027 zimeanza. Mteja akitaja kura, moyo unanienda mbio. Nimefunga begi: vyeti vya watoto, shuka mbili, unga. Jumapili naimba kwamba Mungu ni ngome yangu, nikirudi nalikuta lile begi linanisuta. Mume wangu anasema tutulie. Mimi nataka tuhamie kwao Vihiga kabla ya Agosti. Linaloniuma zaidi ni jirani yangu wa kabila lingine, tunayechota naye maji mfereji mmoja. Siku hizi nampita kama simwoni, na hajanikosea lolote. Nifanyeje?

Fundi wa Kondele:
Pole dada. Begi si dhambi. Soma Nehemia sura ya 4: wajenzi wa ukuta walipotishwa walimwomba Mungu, na walinzi wakawekwa usiku na mchana. Hata vyeti peleka nakala kwa wakwe Vihiga. Lakini kwa huyo jirani, hapo hofu imekushinda. Hapo ndipo pa kupigia magoti.

Msafiri254:
Hameni tu. Miguu nayo ni ya Mungu.

Shosho wa Njoro:
Msafiri, mwenye watoto kuhama si kosa, ila huyu mtoto akihama na hofu hii, ataipakua Vihiga pamoja na unga.

Binti yangu, mwaka ule nami nilikuwa Nakuru. Aliyetuficha ni mama wa kabila lile lile tulilokuwa tunaliogopa. Alitufungia jikoni kwake siku tatu, sisi watu sita, tukinywa uji kwa zamu kwenye kikombe kimoja. Vijana walipokuja alisimama mlangoni, leso kiunoni, akawaambia humu mna watoto wangu tu. Nilikuwa nimeomba usiku kucha Mungu atume malaika, na nilimtegemea atoke mbali. Tarehe 28 Februari, Kibaki na Raila walipotia saini mapatano mbele ya Kofi Annan, habari tuliisikilizia kwenye redio ya mama huyo.

Bisha hodi kwa jirani yako. Usiende na maneno mengi.

MamaWawili:
Shosho, nimelia. Jioni hii nimempelekea sukari robo kilo. Alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza, “Mama, nilikukosea nini?” Sikuwa na jibu. Akanivutia kiti, akateleka chai. Tuliomba pamoja, yeye kwa lugha ya kwao, mimi kwa yangu.

Kumbe naye ana begi, liko chini ya kitanda.