Tuiingize chemchemi yote kwenye bomba? Naombeni ushauri

Mlimavinyungu
Wakuu habarini. Mimi ni katibu wa kamati ya maji kijijini kwetu, Mufindi. Tuko watu kama 1,800 na chemchemi ya kutegemea ni moja tu. Amepatikana mfadhili wa mabomba, tangi na vilula, kinamama wapumzike kupanda kilima na ndoo kichwani alfajiri. Hapo hakuna mwenye ubishi.

Ubishi umeletwa na fundi. Kachora kidakio, yaani kisanduku cha kukinga maji kwenye chanzo, kinachobeba maji yote, eti yanayopita bure ni hasara. Sasa mkondo huohuo ndio unaonywesha vinyungu vyetu, yaani bustani za bondeni, una vyura na kaa, halafu unaingia Ruaha Mdogo. Kwenye mkutano mzee mmoja akasimama: "Na vyura mmewawekea kilula?" Watu walicheka sana. Mimi usiku sikulala.

Nikikataa mchoro naonekana napinga maendeleo. Nifanyeje?

Inchi_Mbili
Mkuu, mmepima? Ndoo ya lita 20 na saa ya simu vinatosha. Ila pimeni sasa hivi kiangazi, msipime masika.

Mlimavinyungu
Tulipima Jumamosi. Tuliziba kwa udongo wa mfinyanzi, maji yote yakapita kwenye kipande cha bomba. Ndoo inajaa kwa sekunde 16.

Inchi_Mbili
Basi hiyo ni lita 75 kwa dakika, lita 108,000 kwa siku. Sera ya Maji ya 2002 ilisema angalau lita 25 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo nyie mnahitaji 45,000. Hata mkijipimia 40 kila mtu ni 72,000, bado yanabaki. Watu huchota asubuhi na jioni, usiku chemchemi inatiririka bila mchotaji. Jengeni tangi kubwa lijae usiku, mwambie fundi apunguze bomba. Na bomba la kufurika liwe palepale kwenye kidakio ili maji yarudi mtoni. Likiwekwa kwenye tangi kijijini yatamwagika barabarani, mtapata tope na mbu.

Bibi Msavanu
Mwanangu, mbauti ya kunyweshea ng'ombe isisahaulike. Msipoiweka watakanyaga chanzo chenyewe.

Dada_wa_Bonde
Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 iko upande wako, kaka. Matumizi ya binadamu kwanza, ya pili mazingira, uchumi unafuata. Mradi wa bomba unahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, na mchoro wa kukausha mkondo ukifika pale utaulizwa maswali. Mwambie fundi hivyo kwa upole.

Halafu tuache kuwabebesha lawama wenye ndoo. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993, viboko wakabanana kwenye madimbwi ya tope. Maji yalikuwa yakichepushwa juu huko, bonde la Usangu, mashamba ya mpunga yakichukua sehemu kubwa. Maji ya kunywa hayakukausha mto ule.

Kisiki
Hapo kwenye chanzo kuna milingoti (mikaratusi)?

Mlimavinyungu
Ipo, kama 40 hivi. Ya mwenyekiti wa kijiji 😅

Kisiki
Nilijua tu. Milingoti inakunywa sana, tena kiangazi haipumziki. Ing'oeni visiki kabisa maana ikikatwa inachipua, mpande mivengi, miti ya asili. Mwenyekiti akinuna mkumbusheni mita 60.

Dada_wa_Bonde
Naam, mita 60 kutoka chanzo au kingo za mto, shughuli za kuharibu marufuku. Lakini kaka, hivyo vinyungu vyako viko umbali gani kutoka kwenye mkondo?

Mlimavinyungu
Dada, nilikuja kumshtaki fundi...

Viwili viko mbali kidogo. Cha tatu nikiwa nalima nanawa mikono mtoni bila kuacha jembe. Nitavuna maharage yaliyomo, kisha nakiacha. Naanza na hicho kabla sijaenda kugonga kwa mwenyekiti.