Tetea anawika na kupanda wenzake: bado ni jike?

Mfugaji Kihonda:
Wakuu, naomba msaada. Tetea wa kienyeji, miaka 3 na ushee, anawika alfajiri kwa sauti fupi iliyokauka kama ya jogoo kijana. Kilemba kimekua na kuwa chekundu, na anawapanda matetea wenzake 6. Kama bado anataga sijui, wote wanatagia kiota kimoja. Jogoo aliuzwa wiki 3 zilizopita, ila mayai yaliyotagwa siku ya 8 baada ya kuuzwa, nikiyamulika kwa tochi siku ya 7 ya kuatamiwa, yana mishipa ya damu, dalili ya kifaranga. Baba ni huyu? Wazee wanasema ni uchuro, achinjwe.

Banda la Chini:
Baba ni yule jogoo uliyemuuza. Tetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini, na anaweza kutaga mayai yenye mbegu kwa wiki 2 hivi, pengine na zaidi.

Kuwika nako usikutegemee. Kundi likikosa jogoo, tetea mbabe hushika nafasi yake: anawika, anapanda, anaamua ugomvi, na mayai anataga kama kawaida. Ukileta jogoo mkubwa, mara nyingi anaacha. Miiba ya miguuni pia inadanganya, matetea wazee wengi huiota.

Swali ni moja tu: anataga? Mtenge siku 10, chakula na maji kama kawaida. Mshike upime mifupa miwili ya nyonga iliyo pembeni mwa njia ya kutagia. Anayetaga, vidole 2 hadi 3 vinapita katikati, na njia yenyewe ni pana, laini, yenye unyevu. Asiyetaga ni kidole 1 kwa tabu, na njia imesinyaa, kavu. Angalizo: anayeatamia au anayenyonyoka manyoya naye atapima hivyohivyo, kwa hiyo usihukumu kwa siku moja.

Mtaalamu Mstaafu:
Niongezee sababu. Kuku jike hutumia ovari ya kushoto tu. Ya kulia hudumaa tangu akiwa ndani ya yai. Ya kushoto ikiharibika kwa uvimbe, maji au maambukizi, estrojeni (homoni ya kike) inashuka, na kile kipande cha kulia kinaweza kuamka na kukua kikifanana na korodani, kikitoa homoni za kiume. Kilemba ndicho hutangulia kubadilika. Manyoya husubiri kunyonyoka: yakiota upya shingoni na mgongoni karibu na mkia yakiwa marefu, yamechongoka na yanang'aa, hapo ovari imekwisha kazi. Kwa kuku, manyoya ya jogoo ndiyo yanayoota estrojeni isipokuwepo.

Kromosomu zake zinabaki ZW, za jike. Kuzalisha ni nadra mno. Mwaka 1923 F. A. E. Crew wa Edinburgh aliandika habari za tetea wa Buff Orpington aliyegeuka na kupata vifaranga, lakini usimwachie huyu kazi ya jogoo.

Kugeuka kwenyewe si ugonjwa wa kuambukiza.

Mfugaji Kihonda:
Nimepima leo mara mbili. Kidole 1, njia kavu, haatamii. Shingoni kuna manyoya mapya yaliyochongoka. Tumbo laini, halijajaa.

Mtaalamu Mstaafu:
Basi kwa manyoya hayo, ovari imegoma. Tumbo kuwa laini ni habari njema. Mpime uzito kila wiki, siku ileile, asubuhi kabla hajala. Mfupa wa kidari ukianza kuchoma kiganja, au tumbo likivimba na akasimama wima kama anayebeba mzigo, huenda ni uvimbe au maji. Hapo mchinje mapema, asiteseke.

Banda la Chini:
Na ukimchinja, kabla ya kutoa figo angalia mgongoni upande wa kushoto. Badala ya kishada cha viini utakuta kitu kilichosinyaa au uvimbe. Kulia pengine kijipande cheupe kama haragwe. Kama hakuna vinundu kwenye ini na utumbo wala maji tumboni, nyama inalika. Ukiona vinundu, zika yote, mbwa wasifukue.

Mfugaji Kihonda:
Uzito leo kilo 1.6. Kwa hiyo jogoo mwingine nilete, au huyu atapigana naye?

Banda la Chini:
Watapigana. Watenganishe kwa wavu siku 7 waonane kwanza, kisha wafungulie jioni giza likianza. Ukiona damu kwenye kilemba, mtoe huyu, si jogoo.