Tupeane uzoefu: kosa lililokugharimu ulipoanza kupanda kwenye maji, bila udongo, nyumbani

Ndoo_Nyeusi
Wakuu, habari za saa hizi. Leo asubuhi nimemsaidia mtu kufunua ndoo yake ya saladi. Mfuniko haujainuka hata nusu, harufu ikanipiga, nami nikajua kabla ya kuona. Ni ile harufu ya maji yaliyolala, kama chombo cha maua kilichosahaulika wiki mbili. Nikakumbuka zao langu la kwanza, lile ambalo halikufika mezani.

Nilianza na ndoo ya lita 20, pampu ya hewa, jiwe la hewa (lile la kutoa mapovu majini) na vikombe 6 vya wavu vya kushikia mimea. Wiki tatu za mwanzo zilinipa kiburi, majani mapana, kila anayeingia naye anapelekwa akaone. Siku ya 24 yakalegea mchana, jioni yakainuka. Nikasema ni joto tu. Kesho yake yakalegea tena na hayakuinuka vizuri. Unajua nilifanya nini? Nikaongeza virutubisho. Mmea umekaa ndani ya maji na umenyauka, mimi nauongezea chumvi, maana virutubisho vyenyewe ni chumvi.

Mfuniko sikufunua kwa sababu nilisoma mahali kwamba mizizi haitaki mwanga. Nilipofunua siku ya 27, mizizi iliyokuwa myeupe ilikuwa na rangi ya kutu, imeshikana, ina ute. Nikashika mmoja kwa vidole viwili nikavuta taratibu. Ganda likateleza lote likabaki mkononi, pakabaki uzi mwembamba kama wa kushonea. Hiyo ndiyo pithiamu, ule ugonjwa wa kuozesha mizizi. Nikatia kipimajoto majini: nyuzi 29.

Leteni za kwenu. Nataka kosa lenyewe, na mlichokiona kwa macho.

Mwanzo_Mgumu
Hapo kwenye "nikaongeza virutubisho" umenigusa mkuu. Nilifanya hivyo hivyo.

Shangazi_wa_Miche
Pole mwanangu. Langu lilikuwa kipima pH, kile cha kupima ukali wa asidi majini; namba ikishuka, asidi imezidi. Nilikinunua, nikakitumia, nikakirudisha kwenye boksi kikavu, miezi miwili. Nilipokitoa kikasoma 6.0, nikafurahi. Miche ya rihani ikaanza kudumaa, ncha za mizizi zikawa kama zimeungua kwa kiberiti. Nikapima, 6.0. Nikabadilisha maji, nikarekebisha tena, 6.0. Siku mgeni mmoja alipokuja na vile vikaratasi vya kupimia ndipo tukaona maji yako chini ya 4.5. Nilikuwa naimwagia asidi miche yangu kila siku kwa uaminifu kabisa.

Kile kioo cha kwenye ncha hakitakiwi kukauka. Kinakaa kwenye maji yake maalumu ya kuhifadhia, na maji safi ya betri hayafai kukihifadhi. Halafu kila baada ya wiki mbili unakisawazisha kwa vile vimiminika viwili, 4.01 na 7.00. Sasa hivi kwangu hivyo viko kwenye droo moja na kipima chenyewe ili nisipate kisingizio.

Kimya_Kimya
Ndiyo maana mimi sina pampu, sina jiwe la hewa, sina kelele. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii alishatuonyesha. Unajaza maji mpaka yaguse kitako cha kikombe, unafunika, unaacha. Mmea unakunywa, maji yanashuka, mizizi ya juu inabaki hewani inapumua. Kosa langu lilikuwa huruma. Nikaona maji yamefika nusu, nikasema mmea una kiu, nikajaza mpaka juu. Siku mbili tu saladi zote chali. Ile mizizi ya hewani ikishazoea kupumua ukaizamisha, umeinyonga. Ukiongeza, ongeza kidogo, ile nafasi ya hewa isiguswe.

Nyanya_Mkubwa
Kimya_Kimya njia yako inafaa saladi na rihani, basi. Jaribu nyanya uone. Mnyanya wangu mmoja uliokomaa ulikuwa unamaliza lita kadhaa kwa siku ya joto kali. Ndoo isiyo na pampu utaisimamia kama mtoto mchanga.

Kimya_Kimya
Nimesema kila zao? Soma tena.

Nyanya_Mkubwa
Umesema "ndiyo maana mimi sina pampu" kana kwamba wenye pampu ndio wajinga.

Kimya_Kimya
Basi mkuu, yaishe. Nilikuwa naongelea saladi.

Mkemia_Mstaafu
Wanangu, kabla hamjagombana. Pampu ina kazi, na kazi yenyewe ni hii: maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Ya nyuzi 30 yanashika kama 7.5 tu. Huku nako mizizi ikiwa kwenye joto inapumua kwa kasi zaidi, na pithiamu inachangamka. Kwa hiyo Ndoo_Nyeusi kwenye nyuzi 29 alikuwa anapigwa pande tatu kwa mkupuo mmoja. Weka maji kati ya 18 na 22 ukiweza.

La kwangu ni la aibu kwa mtu wa fani yangu. Nilichukua kirutubisho A na kirutubisho B, vyote vikiwa vizito, nikavichanganya kwenye chupa moja ili kuokoa nafasi. Ndani ya dakika moja pakatokea wingu jeupe, likatuama chini kama chokaa. Kalsiamu ilikuwa imekamatana na salfeti na fosfeti. Ile chokaa haiyeyuki tena, na mmea hauwezi kuila. Ndiyo sababu wanauza chupa mbili. Mimina A kwenye maji mengi, koroga, kisha B.

Mwanzo_Mgumu
Kumbe! Mimi nilidhani ile chupa yangu ilikuwa imeharibika dukani.

Baba_Watatu
Nimesoma hapa nikasita kuandika, lakini acha niseme, maana mnaongelea majani na mimi nilikaribia kupoteza mtoto.

Ndoo yangu niliiweka juu ya stuli, chumba cha watoto, karibu na dirisha. Pampu nikaiweka sakafuni chini ya stuli ili ile mvumo isisumbue. Mpira wa hewa unatoka kwenye pampu, unapanda juu, unaingia ndooni mpaka kwenye jiwe la hewa kule chini. Pampu imechomekwa kwenye ekstensheni, na ekstensheni iko sakafuni. Miezi miwili hivyo, salama.

Usiku mmoja umeme ukakatika. Tukalala. Sikujua, na hakuna aliyewahi kuniambia, kwamba pampu ikinyamaza hakuna kinachosukuma tena, na kwa kuwa pampu iko chini kuliko maji, maji yanageuza njia. Yanaingia kwenye jiwe, yanapanda mpirani, yanashuka mpaka ndani ya pampu, yanavuja. Polepole, tone baada ya tone, usiku kucha.

Alfajiri, giza totoro, nikasikia sauti ya yule wa kati: "Baba, sakafu imelowa." Anasema kwa usingizi usingizi, alikuwa ameamka kwenda chooni. Peku. Nikakurupuka. Tochi ya simu ikamulika kwanza nyayo zake, maji yamefika vidoleni, kisha maji yanameta mpaka ukutani, halafu ile ekstensheni nyeupe imekaa katikati ya dimbwi kama mashua. Swichi yake imewashwa, ile taa yake nyekundu imezima kwa sababu tu umeme haupo.

Nikamwambia panda kitandani, panda sasa hivi. Mimi sikugusa ile ekstensheni. Nikakimbilia swichi kubwa ya nyumba, nikaishusha. Nikasimama pale mkono bado uko kwenye swichi, nahema. Sikumaliza hata kufikiri lolote, dirishani taa za nyumba ya pili zikawaka.

Umeme ulikuwa umerudi.

Sijui zilikuwa sekunde ngapi. Dakika haikufika. Nilikaa chini pale pale koridoni. Mke wangu aliniuliza kuna nini na sikuweza kumjibu mpaka kulipokucha.

Ndoo_Nyeusi
Baba_Watatu. Nimesoma mara mbili. Pole sana kaka, na tumshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto.

Shangazi_wa_Miche
Mwili umesisimka wote. Mungu ni mwema.

Mwanzo_Mgumu
Nimeinuka hapa hapa kwenda kuangalia pampu yangu. IKO SAKAFUNI. Nimeichomoa.

Nyanya_Mkubwa
Mzee, sasa uliifanyaje baada ya hapo? Uliacha kabisa?

Baba_Watatu
Sikuacha. Pampu sasa inaning'inia ukutani, juu kuliko mfuniko wa ndoo. Kwenye mpira nimeweka ile vali ndogo ya njia moja, na nilipojua bei yake nilitamani kulia. Waya unashuka kwanza chini ya soketi halafu ndio unapanda kuingia, ili tone likifuata waya lidondoke lisiingie. Na fundi ameniwekea kile kikata umeme kinachokata chenyewe umeme ukivuja. Ndoo imetoka chumba cha watoto.

Udongo_Kwanza
Samahani wadau, lakini haya yote ni ya nini? Pampu, asidi, umeme chumbani kwa watoto. Udongo upo. Na hizo mboga zenu ni kemikali tupu.

Nyanya_Mkubwa
Tulijua utafika tu.

Mkemia_Mstaafu
Udongo_Kwanza, nusu uko sawa, acha nikupe haki yako. Hoagland na Arnon, watafiti wa mimea wa California, ambao mchanganyiko wao wa virutubisho bado unatumika, waliandika mwaka 1938 kwamba mazao ya kwenye maji hayazidi ya udongo mzuri uliotunzwa vizuri. Wakati ule watu walikuwa wamechanganyikiwa na habari za Gericke, mtafiti wa Berkeley, na minyanya yake mirefu ya kwenye maji. Kwa hiyo mwenye shamba na udongo mzuri alime, hakuna anayemzuia. Lakini hilo la kemikali hapana. Mzizi haunywi samadi. Samadi ni lazima ioze mpaka itoe naitreti, yaani naitrojeni ambayo mzizi unaweza kuila, na naitreti ya kwenye samadi na ya kwenye chupa ni kitu kimoja, mzizi hauna jinsi ya kuzitofautisha.

Udongo_Kwanza
Ladha je?

Shangazi_wa_Miche
Anzisha uzi wako wa ladha, mwanangu. Hapa tuna mtoto aliyesimama kwenye maji.

Majani_Mabichi
Turudi kwenye mizizi kuoza. Mimi tiba yangu ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 3 kwa lita, naona mapovu, mizizi inarudi nyeupe.

Kimya_Kimya
Usimsikilize. Weka bakteria wazuri, hao ndio walinzi.

Majani_Mabichi
Bakteria wako wanakula nini kwenye ndoo yenye chumvi tupu?

Mkemia_Mstaafu
Chagueni moja. Peroksaidi haibagui, ukiimwaga leo na kesho ukatia bakteria umelipia vyote ukapata kimoja au usipate. Na peroksaidi inaisha nguvu ndani ya siku chache. Maji yakibaki nyuzi 29 ugonjwa utarudi wiki ijayo.

Mwanzo_Mgumu
Mimi natumbukiza chupa ya barafu kila mchana.

Nyanya_Mkubwa
Usifanye hivyo, utaishtua mizizi. Funga ndoo kwa kitambaa cheupe, itoe juani.

Ndoo_Nyeusi
Mimi nilifanya yote mawili, chupa na kitambaa, zao la pili likatoka. Chupa ndogo lakini, ya nusu lita kwa ndoo ya lita 20. Na ndoo yangu nyeusi nimeipaka rangi nyeupe nje. Weusi unazuia mwanga, mwani hauoti, lakini juani inakuwa jiko. Jina nimebaki nalo tu.

Rangi_ya_Kijani
Wakuu mimi ni mgeni, nimetumia siki kushusha pH. Jioni inakuwa 5.8, asubuhi iko 7. Kila siku. Nimechoka.

Shangazi_wa_Miche
Siki wadudu wa majini wanaila, mpenzi, ndiyo maana inapanda. Tafuta ile ya asidi ya fosforiki. Vaa glovu, na asidi ndiyo inamiminwa kwenye maji, usije ukageuza. Ikicheza kati ya 5.5 na 6.5 iache, usiifukuze kila saa.

Rangi_ya_Kijani
Asante shangazi. Na miche ikitoka tu kwenye sifongo niipe dozi ya kwenye chupa?

Nyanya_Mkubwa
Robo. Dozi ya kwenye lebo itaichoma. Kama una kipima EC, kile cha kupima wingi wa virutubisho majini, anza 0.5 au 0.6, saladi kubwa 1.2 inatosha.

Majani_Mabichi
Mimi naipa nusu na haijawahi kufa.

Nyanya_Mkubwa
Robo.

Ndoo_Nyeusi
Nimerudi kutoka kwa yule wa asubuhi. Tumetoa mimea minne, miwili tumeikata mizizi yote ya kahawia, tumesugua ndoo na jiwe, maji mapya. Chini ya kikombe kimoja, pembeni kabisa, kuna kizizi kimetoka, hakijafika urefu wa ukucha, cheupe. Amekaa anakitazama tu. Pampu tumeihamishia juu ya kabati, Baba_Watatu, nimemsomea maneno yako.

Mwanzo_Mgumu
Vali nimeipata. Inaingia upande gani? Ina mshale mdogo.

Baba_Watatu
Mshale uelekee kwenye ndoo. Kabla hujaifunga puliza kwa mdomo: upande mmoja hewa ipite, wa pili ikatae. Ikipita pande zote mbili irudishe dukani.

Mwanzo_Mgumu
Imekataa. Naifunga.