Naomba ushauri: kusafisha mifupa ya bawa la kuku kwa ajili ya darasa

Habari zenu wadau, mi nafundisha baiolojia form three na nataka wanafunzi waone kwa macho yao kwamba bawa la kuku, bawa la popo na mkono wa mtu vimetoka kwa babu mmoja, yaani mfupa mmoja juu, miwili chini yake halafu vidole, ila kuku vidole vyake vimebaki vitatu na vimeungana. Jana nimechemsha bawa, nyama imetoka fresh lakini mifupa imebaki na mafuta, ya njano, na ile midogo ya ncha imeachana nimeiweka kwenye kisoda. Niloweke kwenye sabuni ya unga siku ngapi? Jik naogopa itakula mfupa. Na gundi gani inashika vizuri? Popo simgusi, nitatumia picha.