Wamisionari wanataka kufundisha wachungaji wetu na wazee wamegawanyika, tukubali au tukatae?

Kanzu_Nyeupe:

Salamu wakuu na wakubwa wote humu. Mimi ni katibu wa vijana kwenye kanisa moja la Roho huku magharibi ya Kenya, jina naliacha, ila ni haya yetu ya kanzu nyeupe, kilemba, ngoma na bendera, lilianzishwa na wazee wetu wenyewe enzi za mkoloni baada ya misheni kuwafukuza kwa sababu ya kunena kwa lugha. Majuzi wamekuja wamisionari mume na mke, watu wapole tu, Kiswahili wanakiongea kuliko baadhi yetu, wakasema hawaji kuanzisha kanisa, wanataka kufundisha wachungaji wetu Biblia na kutusaidia kwa mambo yanayobadilika, yaani vijana kuhamia mjini, wasichana kusoma, mambo ya hospitali, kuweka hesabu za sadaka na kadhalika. Askofu amefurahi sana. Wazee nusu wamekasirika, mmoja akasimama akasema baba zetu walitoka kwa wazungu kwa machozi na leo nyinyi mnawafungulia mlango wa nyuma, kikao kikaishia hapo hapo.

Swali langu, kuna mahali popote Afrika wamisionari wamefanya kazi na makanisa kama yetu bila kuyameza? Sitaki mahubiri, nataka mifano maana askofu ameniambia niandike ripoti na mimi sijui nianzie wapi.

Msomaji_wa_Kale:

Ndugu katibu, mifano iko na ule mkubwa ni wa Nigeria. Mwaka 1959 wamisionari wa Kimennonite, dhehebu moja la Kiprotestanti, kutoka Marekani, Edwin Weaver na mkewe Irene, walifika Uyo kusini mashariki kwa sababu makanisa ya huko ya Waafrika wenyewe yaliandika barua kuwaita, yalitaka kujiunga na Wamennonite. Hao wazee walikuwa wameshafanya kazi India miaka mingi, hawakuwa watoto. Walipofika wakakuta eneo limejaa makanisa ya kila aina, ya misheni na ya kienyeji, na hayapikiki chungu kimoja, kila mtu anamchukia jirani yake. Wakajiuliza sasa tukiongeza la kwetu si ndio tunazidisha ugomvi? Basi wakageuza kazi. Wakawa wanakaa na viongozi wa makanisa ya kienyeji kusoma nao Biblia, wanawakutanisha na wale wa makanisa ya misheni waliokuwa hawasalimiani, wakasaidia kufungua chuo cha Biblia cha kusomesha watu wa makanisa tofauti pamoja. Vita ya Biafra ilipoanza 1967 kazi ikavurugika, baadaye wakahamia Ghana na 1971 pale Accra kikaanza chuo cha Good News kwa ajili ya makanisa haya haya.

Cha kuandika kwenye ripoti yako ni kwamba mchungaji aliyesoma pale alirudi kanisani kwake na kanzu yake na ngoma yake. Hakurudi Mmennonite.

Tarumbeta:

Hapo umeficha kitu mzee. Mbona Nigeria mpaka leo kuna kanisa linaitwa Mennonite Church Nigeria? Si lilitoka hapo hapo?

Msomaji_wa_Kale:

Sijaficha. Kuna waliosisitiza wanataka lile jina, wakapewa, na Weaver akaendelea kuwasaidia hao na wale wengine pia. Tofauti ni kwamba waliolitaka ni wenyewe, sio mgeni aliyewabandika.

Tarumbeta:

Sawa lakini huyo ni mmoja kati ya wangapi. Mimi nampa katibu mfano wa upande wa pili. Nabii Harris, William Wadé Harris, Mliberia, alitembea kwa miguu Ivory Coast mwaka 1913 na 1914 akiwa na kanzu nyeupe na fimbo ya msalaba, watu wakachoma hirizi zao na akabatiza zaidi ya laki moja, hana misheni nyuma yake hana mshahara. Wafaransa wakamfukuza. Miaka kumi baadaye, 1924, wamisionari wa Kimethodisti wanafika wanakuta watu wamejenga nyumba za ibada zao wanangoja mwalimu, na kwa akili ya kimisheni hao wakawa mali yao moja kwa moja. Sheria zikaanza, ada za kanisa zikaanza, mwenye wake wawili akaambiwa hivi na vile. Waliokataa ndio wakabaki kanisa la Harris. Sasa niambieni nani alimsaidia nani pale? Mavuno ya mtu mwingine yalivunwa halafu yakaitwa msaada.

Nikisikia neno kukabiliana na mabadiliko huwa nauliza mabadiliko ya nani. Mengine ni mabadiliko ya kwao Ulaya na Marekani wanataka yatufikie na sisi.

mama_wa_kwaya:

Wewe Tarumbeta ngoja kwanza hujamaliza hiyo hadithi ya Harris. Wamennonite walifika huko Ivory Coast pia mwishoni mwa miaka ya 70, akina David Shank, na kazi yao na kanisa la Harris ilikuwa kufundisha Biblia pale walipoombwa na kusaidia hao Waharris wajue historia ya nabii wao wenyewe, huyo Shank alifanya utafiti mrefu sana juu ya Harris. Mwenzake James Krabill alikaa na Waharris wa kabila la Dida akaandika nyimbo zao, maana Harris aliwaambia chukueni nyimbo zenu za nyumbani mtie maneno ya Mungu, kwa hiyo zilikuwa kwenye vichwa vya wazee tu na wazee wanakufa. Mimi ni mwimbaji hilo linanigusa kuliko chuo chochote. Huku kwetu nyimbo za waanzilishi zimeshapotea nusu, vijana wanajua za kwenye simu tu.

Katibu mwanangu, shida yenu si wamisionari. Kijana wenu akifika Nairobi anafanya kazi kwa duka la simu, atavaa kilemba kazini? Jumapili anaona aibu kuandamana na bendera barabarani, anaingia kwa jengo lenye spika na kiti cha plastiki, hamumuoni tena. Nani amekaa na huyo kijana akamuuliza? Wazee wanapigana na mzungu wa miaka themanini iliyopita wakati watoto wanatoka kwa mlango wa mbele. Na wasichana je, wanatabiri, wanaombea wagonjwa, lakini kikao kikifika wanaambiwa wakapike. Wakati Legio Maria, kanisa lililotoka kwa Wakatoliki huku Kenya, inaanza mwaka 1963 Gaudencia Aoko alikuwa anabatiza maelfu, na pale kanisa la African Israel Nineveh mwanzilishi mzee Kivuli alipofariki 1974 mkewe Rabecca ndiye aliyeongoza kanisa. Hakuna mmisionari aliyewafundisha hayo, yalikuwa yetu tukayaacha.

Kanzu_Nyeupe:

Mama hapo kwa vijana umenigonga kabisa, kwaya yetu imebaki watu wa makamo na watoto wa shule.

Kuhusu Nineveh nimeskia yule mjukuu aliyechukua uongozi baadaye alisomea teolojia, ni kweli?

Msomaji_wa_Kale:

Ni kweli, Kivuli wa pili, alichukua uongozi miaka ya 80 akiwa kijana, na alisoma chuo cha teolojia Limuru. Kanisa lenyewe lilishaingia Baraza la Makanisa Duniani tangu 1975 na bado wanavaa kanzu na kupiga ngoma. Kwa hiyo yule mzee wenu anayedhani shule itavua watu vilemba mpelekeni kwao Vihiga akajionee, sio mbali na kwenu.

Mgeni_wa_Mutare:

Wakuu mimi Mtanzania ila nilifanya kazi Zimbabwe kwa muda, naongeza la huko. Kulikuwa na Inus Daneel, huyo amezaliwa huko huko kwenye familia ya wamisionari wa kanisa la Dutch Reformed, Kishona kwake ni lugha ya utotoni. Mwaka 1972 alisaidia makanisa ya Kishona ya Zion na mengineyo kuanzisha umoja unaitwa Fambidzano, na kazi kubwa ilikuwa masomo ya Biblia ya mtu kusomea nyumbani, unapewa kitabu unasoma usiku baada ya shamba halafu mnakutana kituoni na mwalimu. Hii ni muhimu katibu iandike, maana maaskofu wengi wa makanisa haya ni wakulima na mafundi, hawana mshahara, ukimwambia akakae chuoni miaka mitatu watoto wake watakula nini. Wakati huo vita ya ukombozi inawaka na watu bado wanasoma.

Halafu baada ya uhuru akaja na jambo la miti. Ardhi ya vijijini ilikuwa imekwisha, mito imejaa mchanga, basi 1991 makanisa yakaunda umoja wa kutunza ardhi na hapo ndio utaona kazi ya kanisa la kinabii maana hawakuleta semina ya mazingira ya mtu wa wizara. Walipanda miti ndani ya ibada ya meza ya Bwana. Kabla ya kupokea mkate unaungama dhambi zako za kukata miti na kulima kando ya mto, mbele ya nabii, na unasogea mezani na mche mkononi, mkimaliza mnaenda kupanda. Mtu anayekata ovyo wanamuita mchawi wa ardhi. Sasa mmisionari peke yake angeweza kubuni hilo? Alileta pesa ya vitalu na usafiri, ila kuungama mbele ya nabii ni kitu cha makanisa yenyewe tangu zamani, walikigeuza tu kielekee kwenye jambo jipya.

Lakini nisipambe. Zimbabwe hiyo hiyo mwaka 2022 surua iliua mamia ya watoto, wengi wa familia za makanisa ya kitume yanayokataa chanjo na hospitali, Manicaland ndiko ilikoanzia. Pale mgeni kupenya ni kazi ngumu. Kina mama wengine walikuwa wanapeleka watoto kliniki usiku kwa kujificha ili mzee wa kanisa asijue. Kwa hiyo Tarumbeta ukiuliza mabadiliko ya nani, hao kina mama nao waulizwe.

Tarumbeta:

Hilo la surua sina jibu nakubali lilikuwa baya. Ila angalia hao wa kanisa la nabii Simon Kimbangu Kongo. Waliingia Baraza la Makanisa Duniani 1969, wakafunguliwa shule ya teolojia Kinshasa, akaja mama wa Uswisi Marie-Louise Martin akaiongoza miaka mingi, msomi kweli kweli na aliwapenda. Matokeo? Baadaye mafundisho kuhusu Kimbangu na Roho Mtakatifu yakaenda mahali pengine kabisa mpaka baraza likaachana nao. Shule haikuzuia chochote.

mama_wa_kwaya:

Si ndio inaonyesha hawakumezwa? Wewe mwenyewe ulisema wageni wanameza, sasa unalalamika hawakumeza 😂

Wakili_Mdogo:

Napita tu. Katibu kuna vitu hapo havihitaji mmisionari hata kidogo. Sheria ya ndoa ya Kenya ya 2014 inasema umri ni miaka 18, hakuna unabii wa kuupunguza. Na ndoa ya Kikristo kwa sheria hiyo ni ya mke mmoja, ya wake wengi inatambuliwa chini ya mila au Uislamu. Kwa hiyo mchungaji wenu mwenye leseni ya kufungisha ndoa akimfungisha mwanachama mke wa pili kanisani anajiingiza kwenye shida yeye mwenyewe, hata kama kanisa linapokea wenye wake wengi kama washirika, kupokea hakuna tatizo. Tafuteni mtu wa sheria awaeleze wachungaji asubuhi moja. Pia baada ya Shakahola, kule waumini wa mhubiri mmoja walikofa kwa mamia kwa kufunga, serikali imekuwa ikitaka kubana usajili wa makanisa na elimu ya wahubiri, wekeni katiba, kumbukumbu za vikao na akaunti ya benki ya kanisa sasa, sio jina la askofu.

Kanzu_Nyeupe:

Hiyo ya akaunti imenishtua, sitasema kwa nini 😅

Nimeshukuru wote. Hivi ninavyofikiria kuandika ni kwamba tuwakubali kwa masharti, masomo yawe ya vituoni sio chuoni, kina mama na vijana waingie darasani sawa na wachungaji, tuchague sisi mada, wasiandikishe mshirika yeyote kwa jina lao, na waanze kwa kurekodi nyimbo na ushuhuda wa wazee waliobaki, nadhani hiyo itawatuliza wale waliokasirika maana itabidi waulizwe wao. Kuna kitu nimesahau?

Msomaji_wa_Kale:

Umesahau kuzungumza na OAIC, umoja wa makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe, makao yao ni Nairobi. Huo umoja ulianza Cairo 1978 chini ya mwavuli wa Askofu Antonious Markos wa Kikopti, kanisa la Misri, Afrika hii hii, na wamekuwa wakiendesha masomo ya vituoni kwa makanisa ya Roho kwa miaka mingi. Waulizeni vitabu vyao kabla hamjapokea vya wageni. Mkisoma pamoja na makanisa mengine ya kwenu kama Uyo, hao mume na mke hawatakuwa na kanisa moja la kushika mkononi.

Tarumbeta:

Masharti mazuri, hapo sina ubishi. Ongeza moja tu, waulizwe mbele ya kikao chote wanakaa mpaka lini, na siku wakirudi kwao nani atatoa nauli ya wachungaji kufika kituoni na nani atachapisha vitabu. Wakishindwa kujibu hilo basi askofu aanze kuchangisha kabla ya darasa la kwanza.