Kwa nini nyumbani mabega yanalegea, ofisini yanakaza?

Karani_wa_mafaili

Habari wakuu. Kazi yangu inanizungusha kwenye ofisi za umma kufuatilia hati. Kuna jengo moja, nikiingia tu nashusha sauti, wala hakuna aliyeniambia ninyamaze. Nikifika nyumbani mwili unalegea kabla sijavua viatu. Mtasema ni foleni na majibu ya mkato, lakini hata siku lisipokuwa na watu, hali ni ileile. Ni jengo lenyewe? Ukubwa? Zege? Mwenzangu anasema wapake rangi ya krimu yaishe.

Fundi_michoro

Rangi iache kwanza. Sikiliza. Nyumbani kuna mapazia, makochi, zulia, na dari iko karibu: sauti inamezwa. Kwenye ukumbi wa marumaru na vioo hakuna cha kuimeza, neno lako linakurudia limevurugika na kila mtu amelisikia. Ndiyo maana unanong'ona. Woga huo umejengwa pamoja na kuta.

Ila dari ndefu si adui. Tazama jengo la halmashauri la Säynätsalo, Finland, kazi ya Alvar Aalto, lililokamilika 1952. Lilijengewa jamii ndogo tu, wakati huo watu kama 3,000. Ukumbi wa madiwani una kimo cha mita 17! Lakini huingizwi humo ghafla. Unapita kwanza kwenye ua mdogo wenye nyasi, halafu unapanda ngazi nyembamba ya matofali mekundu, mwanga unaingia juu kabisa ya ukuta, ndipo ukumbi unafunguka. Mwili umeshazoea jengo kabla jengo halijajitanua. Na vitasa vya milango amevivisha ngozi, mkono haukutani na chuma baridi. Wengi wetu tunachora ukumbi kwa miezi, kitasa tunakichagua kwenye katalogi siku ya mwisho.

Mbishi_kidogo

Fundi, nakuunga mkono nusu. Jengo la umma likifanana mno na sebule, nauliza: sebule ya nani? Ya aliyemo ndani, mimi nabaki mgeni. Mimi napenda Reichstag, jengo la bunge la Ujerumani kule Berlin. Kuba la kioo la Norman Foster, la 1999, ni chuma na kioo kitupu, halina ulaini wowote, lakini raia wanapanda humo na kutembea juu ya vichwa vya wabunge wao. Hapo najisikia mwenye mali.

Na udogo nao una siasa yake. Ukumbi wa wabunge wa Uingereza ulibomolewa kwa mabomu 1941. Churchill akashikilia ujengwe upya kwa umbo lilelile la mstatili, tena usitoshe wabunge wote wakae. Leo wako 650, viti kama 427. Siku ya hoja nzito wanabanana na kusimama, joto linapanda. Hiyo si sebule, ila hakuna anayesinzia.

Mpanga_foleni

Mnakwenda Ulaya, mimi niko kaunta. Kidirisha kikiwa chini, anayehudumu amekaa, wewe umesimama, basi lazima uiname ili usikike. Viti vya kusubiri vimefungwa sakafuni vikitazama ukuta, huwezi hata kugeukia uliyekuja naye. Mpe mtu kiti mbele ya meza, uone kama bado ataanza na "samahani".

Karani_wa_mafaili

Hiyo ya kidirisha umenipata. Kwenye jengo lile kiko usawa wa kifua, na mimi si mrefu. Fundi, nikiwashauri waweke mapazia, itasaidia kweli?

Fundi_michoro

Kidogo. Pazia jepesi linakamata sauti nyembamba, nzito inapita. Waanze na dari: paneli zinazonyonya sauti, zenye nafasi ya hewa nyuma yake. Halafu wainue kidirisha, au wainue sakafu ya upande wa anayehudumu mkae macho kwa macho. Hiyo ya pili ni ghali, watakuambia hakuna bajeti.

Mpanga_foleni

Ya kupaka krimu itapatikana.