Naomba ushauri: loji ya kifahari ndani ya msitu wa mvua, tuchukue chumba cha juu ya mti au cha chini?

Baba Pacha:
Wakuu, salaam. Nina jambo linaninyima usingizi na mwisho wa kuamua ni Ijumaa.

Nimepanga kumpeleka mke wangu siku tano kwenye loji ya kifahari ndani kabisa ya msitu wa mvua, upande wa Amazon. Ni zile zinazojitangaza kuwa rafiki kwa mazingira: umeme wa sola, maji ya mvua, hakuna kiyoyozi, chupa ya plastiki marufuku. Ukishuka kwenye ndege ndogo unapanda boti masaa manne. Ukitazama picha zao unatamani kuhamia: jagwa, yule paka mkubwa mwenye madoa, anakunywa maji mtoni, orangutani, yule sokwe mwekundu, kakaa kwenye kibaraza cha chumba, ukungu wa asubuhi juu ya miti. Tunatimiza miaka 15 ya ndoa. Yeye anajua tunakwenda ufukweni, nataka iwe sapraizi.

Vyumba viko vya aina mbili. Cha juu ya mti kina daraja la kamba na mandhari ya kukata na shoka, ila hakina soketi hata moja. Cha chini kiko karibu na jengo la chakula, kina soketi, lakini umeme unazimwa saa nne usiku. Je, tuchukue kipi? Na huo umeme wa sola kwenye sehemu zenye mvua nyingi, unategemewa kweli usiku? Natanguliza shukrani.

Chura wa Kisima:
Nimekaa paleee nawasubiri wenye uzoefu. Msitu wangu mimi ni ule wa kwenye kalenda.

Mwana wa Mto:
Juu ya mti! Hili si la kujadili. Chini ya msitu ule hakuna cha kuona, mwanga unaofika ardhini ni kama asilimia 2 tu. Maisha yote yako juu, mita 30 kwenda 45, kwenye matunda na maua. Ukilala chini utasikia vitu usivyoviona.

Mimi nilikaa Borneo, kile kisiwa cha Asia, siku sita. Asubuhi kabla jua halijatoka giboni, wale sokwe wadogo wa mikono mirefu, wanaanza kuimba, dume na jike wanapokezana, sauti inavuka bonde zima. Nilitoka kitandani nikasimama gizani kama mtu aliyeitwa jina. Kisha tukaingia msituni kwa miguu, na hapo nikajua ruba. Wale wa kule hawakai majini peke yake, wanakaa kwenye majani wamenyoosha shingo wanakusubiri upite. Niliporudi nikavua soksi, damu mpaka kisiginoni, na haikatiki, kwa sababu mate yao yanazuia damu kuganda. Haiumi, lakini inatisha. Nunua soksi ndefu za kitambaa kizito zinazofika magotini, suruali ichomekwe ndani. Soketi utafanyia nini msituni?

Daftari Jekundu:
Kabla ya chumba, uliza kama hiyo loji ni ya kijani kweli au imepakwa rangi tu. Maana ya utalii wa ikolojia ilishaandikwa tangu mwaka 1990: safari ya kuwajibika kwenye maeneo ya asili, inayohifadhi mazingira na kuinua maisha ya wenyeji. Wengi wanasoma kipande cha kwanza, cha wenyeji wanaruka.

Waulize maji ya chooni yanakwenda wapi. Waulize wanaoongoza wageni ni wa vijiji vya jirani au wameletwa kutoka mjini. Waulize sola ikishindwa siku za mvua wanawasha nini, maana jenereta ya dizeli nyuma ya jiko nimeiona kwa macho yangu kwenye sehemu iliyokuwa imepambwa na vibao vya majani mlangoni. Na wakikuambia wana cheti, uliza kimetolewa na nani. Lile baraza la dunia la utalii endelevu, GSTC, halitoi cheti kwa hoteli moja kwa moja, linaidhinisha wale wanaokagua. Kwa hiyo anayesema "tumethibitishwa na GSTC" akatulia hapo, mdai jina la mkaguzi.

Taulo kufuliwa mara moja kwa siku tatu si uhifadhi. Hilo ni punguzo la gharama zake.

Mama Tatu:
Mimi naona tatizo kabla ya chumba. Miaka 15 mwanamke amekuzoea, halafu unamwambia ufukweni unampeleka msituni? Atafungasha kandambili na gauni jepesi. Mume wangu aliwahi kunifanyia hivyo, akaniambia tunakwenda mjini kutembea, kumbe ni mlimani. Nilipanda na viatu vya wazi. Kucha mbili za miguu zilitoka. Alinibeba mgongoni kipande cha mwisho na bado sijamsamehe vizuri. Mwambie mkeo.

Baba Pacha:
Dada Mama Tatu, nimekuelewa, lakini sapraizi ndiyo zawadi yenyewe. Nguo na viatu vyake nitafungasha mimi. Daftari, maswali yako nimeyanakili. Mwana wa Mto asante. Narudi kwenye swali: kuna anayejua kama hizo sola zinaweza kusukuma kitu kidogo usiku kucha?

Mshumaa:
Ila wakuu, tuseme ukweli. Ndege ya kwenda huko inachoma mafuta kiasi gani? Ukishuka unaambiwa usitumie mrija wa plastiki. Mtu akitaka kuuhifadhi msitu abaki nyumbani, hela awapelekee wanaoulinda.

Mwana wa Mto:
Mshumaa, wanaoulinda wanakula nini mgeni asipokuja? Niliyetembea naye mimi zamani alikuwa mkata magogo. Alinionyesha mti akaniambia huu ningeuangusha kwa nusu siku, sasa unanilisha kila mwezi ukiwa umesimama.

Jicho la Kunguru:
Mleta uzi, nimesoma bandiko lako mara mbili. Hujauliza mbu, hujauliza nyoka, hujauliza chanjo ya homa ya manjano, ambayo kwa taarifa yako inachomwa angalau siku 10 kabla ya safari. Umeuliza umeme, na ukarudi tena ukauliza umeme. "Kitu kidogo" ni nini?

Baba Pacha:
Chanjo tumeshachoma zamani, na siku hizi cheti chake ni cha maisha. Umeme ni kwa ajili ya simu na kamera tu.

Jicho la Kunguru:
Simu unachaji mchana pale kwenye jengo la chakula, inakaa. Simu haihitaji usiku kucha. Sema, ndugu yangu, usaidiwe.

Baba Pacha:
Haya.

Mke wangu ana kisukari, ile aina ya kwanza. Anachoma insulini tangu akiwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nafikiria kununua kifriji kidogo cha kubebeka, ndiyo maana nauliza soketi. Sikutaka kulisema kwa sababu kila nikilisema watu wanaacha kuongea juu ya safari wanaanza kuongea juu ya ugonjwa. Yeye mwenyewe hapendi kutambulishwa kwa ugonjwa wake. Anafanya kazi, analea, anatembea kuliko mimi.

Na nimeshalipa nusu. Hairudi. Ijumaa natakiwa kumalizia na kuchagua chumba. Kwa hiyo tafadhali msiniambie nisiende. Nimewaza pia kibweta cha udongo, kile unachomwagia maji nje kikapoza ndani. Nadhani kwa siku tano kitatosha.

Mfamasia Mpole:
Kaka, nimekuwa nasoma kimya, sasa naomba nafasi. Hii ndiyo kazi yangu.

Kibweta cha udongo achana nacho. Kinapoza kwa sababu maji yanakauka hewani. Msitu wa mvua hewa yake imeshashiba unyevu, mara nyingi asilimia 80 na zaidi, maji hayana pa kukaukia. Utabaki na udongo uliolowa na insulini ya moto. Vifuko vya kulowesha vinavyouzwa kwa kazi hiyo navyo vinadhoofika huko kwa sababu ileile.

Sasa nikutoe hofu upande mmoja. Insulini ambayo haijafunguliwa ndiyo inayotaka friji, nyuzi 2 hadi 8. Ile anayoitumia, aina nyingi hustahimili nje kama wiki nne, ilimradi joto lisizidi nyuzi 30, nyingine 25. Soma karatasi ya dawa yake. Kivulini mahali pale joto linaweza kugota 30 mchana, kwa hiyo usiiache juani, wala ndani ya boti, wala kwenye begi lililo mgongoni mwako ukipanda. Friji ya jikoni inaweza kutunza za akiba, lakini isigusane na barafu. Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka usiitumie. Na kwenye ndege isiingie kwenye mizigo ya chini, abebe mkononi. Abebe mara mbili ya mahitaji, mafungu mawili, wewe moja yeye moja.

Lakini, kaka, umeme siyo tatizo lako kubwa. Joto linafanya insulini ifyonzwe haraka, kutembea kunashusha sukari, vikikutana sukari yake inaweza kushuka mno usiku akiwa usingizini. Uko juu ya mti, daraja la kamba, taa zimezimwa, boti ni masaa manne. Hapo ndipo pa kufikiria. Kuna sindano ya glukagoni, ile ya kupandisha sukari haraka, daktari wake anaweza kumwandikia, na wewe ujue kuichoma kabla hamjaondoka. Vijiti vya kupimia sukari vikae kwenye kopo lake limefungwa, unyevu unaviharibu na vitakupa namba za uongo. Na miguu. Asitembee na soksi mbichi kutwa, akague vidole kila jioni.

Hayo yote anayajua kuliko mimi na wewe. Atayapanga vipi kama anafikiri anakwenda ufukweni?

Baba Pacha:
Nimekusikia, daktari. Ila nitabeba mimi kila kitu chake, nitampimia mwenyewe. Tukifika akaona mahali penyewe atafurahi. Na loji walisema wana huduma ya kwanza.

Mama Tatu:
Huduma ya kwanza ni bandeji. Shemeji si mzigo, unambeba na kumfungashia.

Hoja kwa Hoja:
Wakuu, samahani, mnapoteza muda wenu. Hii chai.

Rudini bandiko la kwanza. Jagwa anakunywa maji, orangutani kwenye kibaraza. Jagwa yuko Amerika. Orangutani duniani kote yuko Borneo na Sumatra, visiwa vya Asia, basi. Hakuna msitu wowote mnaoweza kuwaona wote wawili. Huyu kakaa mahali kachanganya picha za mtandaoni akaongeza mke mgonjwa ili tumwonee huruma. Kesho atakuja na namba ya kuchangia.

Chura wa Kisima:
Aisee. Na mimi nilishaanza kumwombea shemeji.

Mwana wa Mto:
Hata mimi nimepitwa, na orangutani nimewaona kwa macho. Mleta uzi, jibu.

Baba Pacha:
Sijaomba senti ya mtu na sitaomba. Mimi si mtu wa wanyama, nimeandika nilichokiona kwenye ukurasa wao. Nimeweka picha mbili hapo chini, jina la loji nimelifuta. Mtazame wenyewe. Kuniita mwongo kwa jambo la mke wangu, imeniuma.

Hoja kwa Hoja:
Nimetazama. Ni kweli picha ziko kwenye ukurasa mmoja, na chini yake wameandika "wageni wetu wa kila asubuhi". Naomba radhi, kaka. Nilikosea mtu.

Daftari Jekundu:
Basi chai ni ya loji. Fikirini: wameweka mnyama ambaye hayupo bara lile, na wanataka umalizie malipo Ijumaa. Kama hawajui au hawajali ni mnyama gani yuko msituni kwao, hiyo "huduma ya kwanza" na hiyo sola utaiamini kwa kipimo gani? Usilipe nusu ya pili mpaka wajibu kwa maandishi.

Mshumaa:
Au ni aliyewatengenezea tovuti ndiye aliyebandika. Loji inaweza kuwepo na kuwa nzuri.

Daftari Jekundu:
Inaweza. Ndiyo maana nasema wajibu kwa maandishi.

Mfamasia Mpole:
Waulizeni hivi: friji ya jikoni inatumia nini umeme ukizimwa, na ufunguo anao nani usiku. Boti inaweza kuondoka saa nane usiku au inangoja mapambazuko. Hospitali ya kwanza yenye daktari iko umbali gani.

Baba Pacha:
Nimerudi baada ya siku mbili. Nimemwambia.

Sikujua nianzie wapi, nikampa simu asome uzi wote. Alisoma kimya, alipofika kwenye kibweta cha udongo akanitazama muda mrefu. Hakukasirikia msitu. Alisema tangu lini mimi ndiye ninayejua damu yake. Sikuwa na jibu. Kisha akachukua kalamu.

Amewaandikia loji mwenyewe, jina lake na hali yake juu kabisa. Wamejibu usiku huohuo: friji ya jikoni ni ya gesi, haizimwi, na mpishi analala jirani. Orangutani wanasema aliwekwa na mtu wa matangazo na wamemtoa, nimeangalia, kweli hayupo. Wenyeji wanaofanya kazi pale wametajwa mpaka vijiji vyao. La boti ya usiku wamesema watauliza kwa nahodha.

Yeye amechagua chumba cha chini. Anasema juu ya mti atapanda mchana. Na kama nahodha hasafiri usiku, hatuendi, nusu iliyolipwa ikae hukohuko. Nilitaka kubisha kidogo nikaacha. Ijumaa ni kesho, bado hawajajibu.

Mfamasia Mpole:
Ngojeni jibu hilo. Na glukagoni ukajifunze kuichoma hata kama hamwendi.

Mama Tatu:
Mwambie shemeji namsalimia sana. Jibu likija zuri, viatu vya kufunika vidole, pea mbili, moja ikikauka nyingine iko mguuni.